Kata Mti, Panda Mti: Hesabu Isiyotimia Uani

Ndugu wakazi, mafundi, na nyote mnaosimamia ujenzi wa nyumba za watu,

Tuanze na hesabu. Kila mmoja wetu amekua akisikia "kata mti, panda mti". Ni kauli nzuri kwa anayevuna mbao shambani, kwa sababu anachokata leo na atakachokata kesho ni zao lile lile. Uani mwa nyumba kauli hiyo haitimii. Mti mkubwa ambao mwavuli wa matawi yake una upana wa mita 12 unafunika mita za mraba 113 za ardhi. Mche mzuri wa kitaluni, wenye matawi ya upana wa mita 1.5, unafunika chini ya mita za mraba 2. Kurudisha kivuli kilichoondoka kwa asubuhi moja ya msumeno kunadai miche 64. Na hicho ni kivuli tu. Ndege na wadudu wanaishi ndani ya majani na matawi, na hayo hupimwa kwa ujazo. Tukichukulia kwamba mche na mti mkubwa vina umbo moja, namba inapanda hadi miche 512. Kiwanja cha kawaida cha makazi hakina pa kuiweka.

Kwa hiyo maneno yetu leo yataelemea upande mmoja: mti ambao tayari umesimama. Kupanda tutakugusia, lakini baadaye.

Kitongoji hakifyekwi kama msitu. Hakuna siku ambayo watu wanashuhudia katapila likiangusha miti mia. Nyumba hii inaongeza chumba, ile inajenga banda la gari, ya tatu inamwaga zege uani ili kuepuka matope, ya nne imechoka kufagia majani. Kila mmoja ameondoa mti mmoja nyuma ya ukuta wake, na hakuna anayejumlisha. Marekani walijumlisha. David Nowak na Eric Greenfield, watafiti wa Shirika la Misitu la nchi hiyo, walilinganisha picha za angani za miaka ya kuelekea 2014 wakakuta kwamba miji na vitongoji vyake vinapoteza miti takriban milioni 36 kila mwaka, huku zege, lami na mapaa vikiongezeka katika kipindi hicho hicho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa limetuleta. Mti mwingi unaokatwa uani kwa kuwa "umezeeka" au "umekauka wenyewe" uliuawa miaka kadhaa nyuma, siku ya ujenzi, na hakuna aliyeugusa kwa shoka. Uliuawa kupitia udongo.

Mtu akiombwa achore mti, huchora mizizi ikishuka wima kama karoti. Mizizi halisi iko vingine. Sehemu kubwa yake iko ndani ya sentimita 60 za juu, na ile myembamba inayonyonya maji na virutubisho imejaa katika sentimita 30 za mwanzo. Kwenda pembeni inavuka ncha za matawi, mara nyingi ikifika umbali wa mara mbili au tatu ya nusu ya upana wa mwavuli. Sababu yake ni hewa. Mzizi unapumua, na hewa ya kutosha haipatikani chini sana. Ndiyo maana unaweza kusimama hatua 10 kutoka kwenye shina, ukadhani uko mbali na mti, kumbe umeukanyaga.

Eneo la kulinda linapimwa hivi. Chukua tepu laini ya fundi cherehani, pima mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kipenyo hicho kwa 12. Jibu ni umbali kutoka shinani, pande zote, ambao usichimbwe, usijazwe, usipitishwe gari. Mfano: mzunguko wa sentimita 126 una kipenyo cha sentimita 40, na 40 mara 12 ni sentimita 480. Kwa hiyo mita 4.8 kila upande, eneo la mita za mraba 72 hivi. Kipimo hiki kimo katika mwongozo wa Uingereza uitwao BS 5837, toleo la 2012, nao unaweka kikomo cha mita 15 hata mti uwe mkubwa kiasi gani. Zingatieni kwamba hicho ni kiwango cha chini. Mizizi inaendelea nje ya duara hilo, ila mti wenye afya unaweza kuvumilia hasara ya huko.

Ndani ya duara hilo makosa ni yale yale kila mahali. La kwanza ni kulundika: mchanga, kokoto, mifuko ya saruji, vyote chini ya mti kwa sababu pana kivuli. La pili ni gari. Lori likipita kwenye udongo wenye unyevu linabana matundu madogo ambamo hewa na maji hupita, na mipito michache ya mwanzo ndiyo inayobana zaidi, hivyo kusema "limepita mara mbili tu" si utetezi. La tatu ni kifusi. Mwenye nyumba anataka ua uwe tambarare, anaongeza udongo sentimita 15 au 20 hadi shinani, na hapo amefanya mambo mawili: ameinyima mizizi pumzi na ameizika sehemu ya shina ambayo gome lake halikuumbwa kukaa kwenye unyevu. Ukiona shina linaingia ardhini wima kama nguzo ya umeme, bila kutanuka miguuni, jua limezikwa.

Kosa la nne halionekani kabisa. Ni maji yaliyooshea ndoo, karai na mashine ya zege. Yanamwagwa pale pale, yanapandisha nguvu ya alkali ya udongo, na chuma na manganizi ambavyo mti ulikuwa ukivipata vinakwama udongoni. Msimu unaofuata majani mapya yanatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu huongeza mbolea ya kawaida, na mbolea hiyo haifungui kilichofungwa.

Kisha kuna mtaro wa bomba. Fundi anavuta uzi mahali palipo karibu, mita moja kutoka shinani, na kwa alasiri moja anakata karibu mizizi yote ya upande mmoja. Mti hauanguki siku hiyo. Unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbao zake. Mwaka wa pili ncha za juu zinakauka, majani yanakuwa madogo, yanapukutika mapema. Mwaka wa nne au wa tano uyoga unaota miguuni, wadudu watobozi wanaingia, na mti unaitwa mgonjwa. Wakati huo aliyechimba mtaro ameshasahaulika.

Dawa yake ni nafuu kuliko ugonjwa. Kabla ya tofali la kwanza kufika, zungusha uzio kwenye duara lile, wa nguzo na mabati au wavu mgumu, usiohamishika kirahisi. Utepe wa rangi hautoshi, maana unakatika siku ya kwanza na hakuna anayeurudisha. Kama hakuna njia nyingine ya kupita, tandaza vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 15 hadi 30, weka mbao nene au mabamba juu yake, uyaondoe kazi ikiisha. Bomba likibidi kupita eneo hilo, lichimbiwe kwa mkono, mizizi yenye unene wa zaidi ya milimita 25 iachwe nzima na bomba lipitishwe chini yake. Mizizi iliyofunuliwa ifunikwe gunia lililoloweshwa hadi mtaro ufukiwe, kwa sababu mzizi mwembamba ulioachwa juani hukauka upesi mno. Na ukuta ukilazimika kukaribia mti, msingi wa mfululizo ubadilishwe uwe wa nguzo zilizochimbiwa mojamoja kati ya mizizi, na boriti ikae juu ya ardhi. Hili la boriti mafundi wengi wanaliweza vizuri. Tatizo ni kwamba hawaambiwi mapema, michoro ikiwa bado karatasini.

Mtu atauliza: kwa nini gharama yote hii kwa ajili ya mti ambao hata matunda hautoi?

Kwa sababu ya joto, kwanza. Sehemu ya lami au zege iliyo chini ya kivuli inaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za selsiasi kuliko iliyo juani saa za mchana mkali. Hili linaeleweka bila maelezo mengi. Lisiloeleweka ni la viumbe.

Wengi wetu tunadhani ndege wa uani wanaishi kwa mbegu na matunda, kwa hiyo tukiwawekea chombo cha nafaka tumemaliza. Lakini makinda ya aina nyingi za ndege wa nchi kavu hulishwa wadudu, na chakula chao kikuu ni viwavi: laini, wenye mafuta na protini. Kuna ndege mdogo wa Amerika Kaskazini, chikadii wa Carolina, ambaye hesabu yake inajulikana vizuri. Wazazi wawili hubeba viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kukuza makinda ya kiota kimoja hadi yaruke. Mwaka 2018, Desirée Narango, Douglas Tallamy na Peter Marra walichapisha matokeo ya kuwafuatilia ndege hao kwenye nyumba za vitongoji vya Washington. Walikuta kwamba mahali ambapo mimea ya asili ilipungua chini ya asilimia 70 ya mimea yote, ndege hawakuzaa vya kutosha kuziba pengo la wanaokufa. Walikuwepo, waliimba, walitaga, na bado idadi yao ilikuwa inashuka.

Sababu iko ndani ya jani. Kila mti hujilinda kwa sumu zake, na kiwavi anayekula jani hilo ametokana na vizazi vingi mno vilivyozoea sumu ya mti huo au jamaa zake. Mwaloni wa mashariki mwa Marekani unalisha zaidi ya aina 500 za viwavi. Mginko uliotoka Asia, uliopandwa barabara ile ile, unalisha aina za kuhesabika kwa vidole. Yote miwili ni ya kijani, yote ina kivuli, ila mmoja ni jiko na mwingine ni picha ya jiko. Kipimo rahisi: chunguza majani ya mti wako mwishoni mwa msimu wa kuchipua. Kama hakuna hata moja lenye tundu, usifurahi haraka. Ama mti huo hauliwi na mdudu wa hapa, ama dawa inayopuliziwa jirani imeshawamaliza walaji.

Halafu kuna fagio. Viwavi wengi wa nondo wakishiba hushuka chini na kujifukia kwenye majani makavu au udongo laini ili wageuke. Chini kukiwa na zege, vitofali, au ukoka uliokatwa hadi kwenye kipara, safari yao inaishia hapo, na mti unakuwa mtego: unawavuta nondo watage, kizazi kisitoke. Kwa hiyo acheni majani yaliyoanguka chini ya mwavuli, angalau kwenye nusu ya eneo lake, na ondoeni ukoka hapo kwa kuufunika matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiyogusa shina. Anayetaka ua uonekane nadhifu aweke ukingo wa mawe kuzunguka eneo hilo. Ukingo unamwambia mpita njia kwamba majani yameachwa kwa makusudi, na malalamiko hupungua.

Taa nazo. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukiongozwa na Douglas Boyes ulikuta viwavi pungufu kwa asilimia 47 kwenye vichaka vya kando ya barabara vilivyomulikwa, ukilinganisha na vilivyokuwa gizani. Taa ya ulinzi haina haja ya kuwaka usiku kucha ikitazama matawi. Ielekezwe chini, iwe na kofia, ya mwanga wa manjano usiozidi kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye balbu), na kihisi kinachoiwasha mtu anapopita. Kihisi hicho hata mwizi hukiogopa zaidi.

Ukuta wa zege uliokita hadi ardhini ni tatizo kwa kila anayetambaa au kutembea: chura, mjusi, kobe, kalunguyeye. Waingereza hutoboa tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio kwa ajili ya kalunguyeye, na kipimo hicho kinapitisha viumbe wengi huku kikizuia mbwa wa wastani. Kitoboeni mkiwa mmekubaliana na jirani, kwa sababu tundu moja linalofunguka kwenye ua uliosakafiwa wote halimfikishi mtu popote. Ua mmoja si makazi. Ua kumi zinazogusana kwa nyuma ndizo makazi. Huko Leicester, Uingereza, mwanabiolojia Jennifer Owen alihesabu viumbe wa bustani yake ya kawaida ya kitongojini kwa miaka 30 kuanzia 1972, akafikisha aina 2,673. Bustani hiyo haikuwa kisiwa. Wengi wa hao waliruka, walitambaa au walipeperushwa kutoka kwa majirani.

Sasa mti wenye uwazi ndani. Hapa ndipo msumeno unapoamka kwa woga. Shina lenye tundu si lazima liwe shina dhaifu. Mwanzi nao una uwazi, na unayumba na upepo bila kuvunjika. Wapimaji hutumia kipimo cha kuanzia: ukuta wa mbao nzima uwe walau theluthi moja ya nusu ya kipenyo. Shina la kipenyo cha sentimita 60 basi linahitaji sentimita 10 hivi za mbao nzima kuzunguka. Kipimo hicho hakifai tundu likiwa limefunguka upande mmoja, na unene unapimwa kwa chombo, si kwa kugonga na nyundo pekee. Dalili za kutisha kweli ni nyingine: mti ulioanza kulala hivi karibuni huku udongo ukiinuka upande wa pili, ufa unaofunguka na kufunga upepo ukivuma, uyoga mgumu kama rafu miguuni, au tawi kubwa lililoungana na shina kwa pembe kali huku gome likiwa limebanwa katikati. Ukiona mojawapo, ita mtaalamu upesi. Usipoona, kumbuka kwamba tundu la kufaa bundi au popo huchukua miongo kadhaa kutokea na kwamba sanduku la kutundika halilingani nalo. Hata mti ukifa, kama hauwezi kuangukia nyumba, njia wala mahali pa kuchezea watoto, punguza matawi, acha shina la mita 3 au 4. Vigong'ota na nyuki wa upweke, wale wasioishi kwa makundi mzingani, watalipanga bila mkataba.

Kwenye kupogoa, onyo moja kubwa: msikate kichwa cha mti. Anayekata matawi yote makuu katikati ili "kuupunguza" anauacha bila chakula, vidonda vinaoza kuelekea ndani, na machipukizi yanayofumuka hapo yameshikwa na tabaka jembamba la nje tu. Baada ya miaka michache ni mazito, na hayo ndiyo yanayoangukia paa. Tawi likilazimika kuondoka, likatwe mara tatu: mkato wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, uingie theluthi, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchana gome, wa tatu uondoe kisiki, nje kidogo ya uvimbe ulio shingoni mwa tawi, uvimbe wenyewe ubaki. Usipake rangi wala lami. Alex Shigo wa Shirika la Misitu la Marekani alipasua maelfu ya mashina, akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda bali unakizungushia ukuta kwa ndani, na rangi ya juu haisaidii ujenzi wa ukuta huo. Msiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka. Kwa mti mzee hata robo ni nyingi.

Kupanda, kama tulivyoahidi. Shimo liwe na upana wa mara mbili hadi tatu ya bonge la mizizi, na kina kisichozidi bonge lenyewe, maana udongo uliolegezwa chini hutitia na kumzika mche. Mizizi inayozunguka kama kamba ndani ya chungu ikatwe, la sivyo itamnyonga mti akiwa na miaka 15. Rudisha udongo ule ule uliotoka shimoni. Mwagilia kila siku wiki mbili za mwanzo, kila baada ya siku mbili au tatu hadi wiki ya 12, kisha kila wiki: lita 4 hadi 6 kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Vigingi viondolewe baada ya mwaka. Vilivyosahaulika huua kwa waya. Panda sasa, mti mkubwa ukiwa bado hai, ili mrithi awe amefika kabla mwenye nyumba hajaondoka.

Sheria zipo penye sheria. Toronto inadai kibali kwa mti wa kiwanja binafsi wenye kipenyo cha sentimita 30 na zaidi. Singapore, katika maeneo iliyoyatenga, inalinda wenye mzunguko unaozidi mita 1. Ubovu wa mipaka ya namna hii ni kwamba mwenye kiwanja anaweza kukata mti wa sentimita 28 wiki hii ili asiombe ruhusa mwakani. Penye kamati ya wakazi, daftari la miti lenye vipimo na tarehe hufanya kazi ambayo kibali peke yake hakiwezi.

Tepu za kupimia ziko mezani, pamoja na chaki. Tutoke nje sasa, tuanze na ule mti wa karibu na ukuta. Mmoja apime, mwingine agawe kwa 3.14, wa tatu achore duara.